Fidla Yangu na Miguu ya Kiongozi

Mie kisasi sikifanyii haraka. Nakilea kama mtoto, nakinywesha uji mpaka kinaota meno.

Hiki cha kiongozi wa kikundi chetu cha taarab hapa Guangzhou nilikilea miezi. Siku ya mazoezi nilijisahau, nikachomekea kidumbak kidogo, ile ngoma ya harusini kwetu Unguja, ya fidla na kiuno. Akasimamisha watu wote. Yeye ni wakala wa mizigo tu, lakini akishavaa koti lake jeusi utadhani kamzaa Sultani. Akasema, "Fidla ni ya ukumbini. Huo uchafu wako nenda kawapigie mbuzi."

Nikafukuzwa mbele za watu. Nikaomba nibaki, hata kwa kubeba viti. Akanijibu kwa Kichina, "Mei you," kama mwenye duka anayekwambia mzigo hakuna. Nikaapa moyoni: huyu nitamchezesha kidumbak hadharani, na koti lake.

Namna ya kumchezesha sikuwa nayo. Nikaipata Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara, nilikokwenda kutafuta midoli ya kuuza. Kwenye banda la fidla palikuwa na mnunuzi mmoja, Mskochi, ndevu nyekundu ungeweza kuchomea mishikaki. Alikuwa anazijaribu. Akaanza muziki wa kukaa kitako na kukunja midomo. Wauzaji wote wakanyooka migongo. Halafu, mshono wenyewe hukuuona, ukawa wa kurukaruka, na mama mfagiaji akacheza na ufagio wake.

Kwa Kiingereza changu cha kuombea bei nikamuuliza uchawi ule katoa wapi. Akasema ni wa zamani kwao. Mabwana walipenda mambo ya Kitaliani, basi wapiga fidla wakazichukua nyimbo za wakulima, wakazivika nguo za Kitaliani, wakaziingiza majumba makubwa. Mabwana wanaanza kwa madaha, wanamaliza wanaruka kama wachunga ng'ombe. Nikamwomba arudie. Alirudia mpaka banda likafungwa.

Ikaja harusi. Mpiga fidla wao kakwama Nansha bandarini na kontena lake, kiongozi hana pa kukimbilia ila kwangu. Akanipa sharti: bashrafu tu, ule muziki wa kufungulia, kisha nishuke. Nikasema, "Hewala, bwana mkubwa."

Nikaipiga bashrafu kwa adabu hata ukasikia barafu inayeyuka kwenye glasi. Kiongozi kafumba macho, kichwa kinayumba kwa raha. Hapo nikaanza kupenyeza kidumbak, kipande hapa, kipande pale, kama unavyomfichia mgeni pilipili kwenye mchuzi. Mpiga ngoma ya dumbak akanielewa, akanifuata. Kina mama wakajifunga kanga viunoni. Na kiongozi, macho bado kafumba, bega likatikisika. Likafuata goti. Halafu kiuno, bwana. Kiuno kile kilikuwa kimefungiwa tangu azaliwe. Koti likapasuka mgongoni, vifungo vikaruka mpaka Hong Kong.

Alipofumbua macho yuko katikati ya ukumbi, simu zote zinamrekodi. Nikamsogelea huku napiga.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "mbuzi nimempata."

Baadaye akatuma watu nirudi kikundini. Sikurudi. Nikikutana naye mtaani Yide Lu napiga mluzi wimbo uleule, naanza na bashrafu, polepole, kisha namtazama miguu.