Mnazi wa Arubaini na Moja

Mama Mkubwa Bashira alirudi Unguja na masanduku mawili na mashine ya kusagia viungo, na wiki ya pili tu akatangaza kwamba anauza kiambo cha Nungwi, shamba la ukoo la minazi.

Alikuwa na miaka hamsini na nne. Aliondoka akiwa na kumi na tisa, ameolewa na mtu wa Maskati aliyemwona mara moja tu kabla ya ndoa. Huko alipika katika jiko la skuli ya wasichana, sufuria za wali ambazo mtu mzima angeweza kujificha ndani. Hakupata mtoto. Mumewe alipofariki, ndugu za mume waliitaka nyumba, na kibali chake cha kuishi kikaisha mwezi huohuo. Haya aliyasimulia akipepeta mchele kwenye baraza yetu Jang'ombe, bila chozi, kama anayeeleza habari za jirani.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Nyuma ya nyumba yetu Bi Ummkulthum alikuwa anauza vyumba viwili na ua wake.

"Nataka mlango ambao hapana mtu atakayenambia nitoke," alisema.

Kiambo cha Nungwi ndicho pekee kilichoweza kumpa mlango huo. Alikirithi kwa mama yake, na aliyekitaka ni tajiri mmoja wa hoteli.

Mimi nilipinga kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimemaliza chuo na nimeandika utafiti wangu juu ya vijiji vya kaskazini, ambako watu wanapita uchochoro baina ya kuta mbili nyeupe za hoteli kwenda kuiona bahari waliyozaliwa nayo.

"Mama Mkubwa, ukiuza, mwakani tutakwenda Nungwi kuangalia ukuta."

"Nitauangalia nikiwa nimekaa kwangu, Mudrik. Wewe una kwenu. Ndiyo maana una maneno."

Sikukubali.

Dalali alikuwa Hasan, kijana mpole mwenye simu mbili. Alitaka vitu viwili: karatasi yoyote ya kuonyesha urithi, na hesabu ya miti. Kwetu ardhi ni ya serikali, na cha mtu ni alichokipanda. Ukiuza kiambo unauza minazi yake, na hesabu ikikosewa, mauzo yamekosewa.

Karatasi tuliipata ndani ya kopo la biskuti, katika kasha la marehemu bibi. Ilikuwa nakala ya hati ya zamani, kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, ya mwaka 1171 wa Hijria. Yaani zaidi ya miaka mia mbili na sitini iliyopita. Niliisoma polepole, Mama Mkubwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Mimi Mwanamkasi binti Ame, niliyehama Tumbatu, nimemuuzia ndugu yangu Kheir kiambo nilichorithi na miti yake yote, isipokuwa mnazi mmoja, wa asiyekuwapo. Huo hauuzwi, haukatwi, wala hauhesabiwi."

Kwa fedha za kiambo hicho cha Tumbatu, bibi yetu huyo wa zamani alivuka bahari na kupanda kiambo hiki cha Nungwi.

"Asiyekuwapo nani?" niliuliza.

"Wazee hao na mambo yao," alisema, akarudi jikoni. Lakini mchuzi wa siku ile uliungua, na yeye hakuwahi kuunguza mchuzi.

Chini ya hati palikuwa na orodha ya bibi kwa kalamu ya wino: minazi arubaini, kila mmoja na jina la mtu. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa kiamboni na juu yake hupandwa mche wa mnazi. Mnazi ule ni wake mpaka afe, kisha unarithiwa. Jina la Bashira lilikuwapo mwisho, la arubaini na moja, limepigwa mstari.

"Wangu ulipigwa na radi," alieleza. "Mwaka ule ule niliosafiri. Mama aliniletea barua. Kilele chote kiliungua, likabaki gogo."

Sote tunajua mnazi una moyo mmoja tu, juu kileleni. Moyo ukifa, mnazi haurudi.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, mimi, yeye, Hasan na karatasi zake zilizokwisha chapwa. Mzee Jaku alikuwa akitungoja. Ni mkwezi, ameikwea minazi ile tangu ujana wake, na anaijua mmoja mmoja.

"Shikamoo, Mzee Jaku."

"Marahaba. Bashira! Umekonda. Waarabu hawali?"

"Wanakula. Mie ndo nlokuwa napika, muda wa kula nitaupata wapi?"

Walicheka. Kisha tukaanza. Desturi ni kuufunga kila mnazi uliohesabiwa kwa ukuti, usije ukahesabiwa mara mbili. Mzee Jaku alitaja, mimi nikaandika, Mama Mkubwa akafunga.

"Huu wa Nassra. Huu wa marehemu Sichana, una nazi ndogo lakini tamu, kama mwenyewe."

Tulipomaliza, nilikuwa na arubaini na moja.

"Umerudia mmoja," alisema Hasan.

Tukarudi na kuzihesabu kuti. Arubaini na moja. Hasan akahesabu mwenyewe, akigusa kila mti kwa kidole na kutaja namba kwa sauti. Alipofika mwisho, sauti ilishuka.

Jua lilikuwa la utosini na hapakuwa na upepo. Ndipo nikakumbuka jambo nisilotaka kulikumbuka: karibu na kisima, Mzee Jaku alikuwa amepita bila kutaja jina, na mimi nikaandika tu namba. Mama Mkubwa naye alifunga ukuti bila kuinua uso.

Sasa aliuinua.

Shina lilikuwa jeusi katikati, limepasuka kwa urefu, kama mti uliolala motoni. Juu ya weusi ule palikuwa na kilele kizima, kijani, kimejaa nazi. Kunguru walikuwa wametua kwenye minazi yote ya kiambo. Pale hapakuwa na hata mmoja.

"Mzee Jaku," alisema taratibu. "Huu umerudi lini?"

"Sijui, mwanangu. Nlikuwa nikipita hapa na kichwa chini. Mama yako alikuwa akilivisha gogo kila Idi. Anafunga kipande cha kanga mpya, anasema mtoto lazima avae. Alipokufa, nikasema basi, yamekwisha."

Bibi alifariki miaka kumi na sita iliyopita.

Mama Mkubwa alizunguka nyuma ya shina. Nilimfuata. Kilikuwapo kipande cha kanga kimefungwa usawa wa kiuno, chekundu, bado kigumu kwa wanga wa dukani. Idi ilikuwa imepita wiki tatu.

"Nani kafunga?"

"Si mie," alisema Mzee Jaku, na akasogea hatua moja nyuma.

Hasan alikuwa wa kwanza kurudi kwenye kazi. Sikumlaumu; niliona jasho lake.

"Bi Bashira, karatasi inasema arubaini. Tuandike arubaini. Huo tuandike gogo, umekufa. Tajiri atasaini leo, na wewe leo leo unampelekea Bi Ummkulthum chake."

"Uza iliyobaki, huu uutoe," nilisema. "Kama hati ya Tumbatu."

Hasan alipiga simu, akaenda kando, akarudi akitikisa kichwa. Pale kisimani ndipo litakapochimbwa bwawa la kuogelea. Ni yote, au basi.

Akampa kalamu. Mama Mkubwa aliweka karatasi kwenye ukingo wa kisima. Nilitaka kupiga kelele, na nilikuwa na maneno tayari, ya haki na ya vizazi. Kisha nikaona mkono wake. Ulikuwa na makovu ya mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko, na maneno yangu yote yakaonekana ya mtu mwenye kwao.

Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Hapo kilele cha mnazi ule kikatikisika, chote, mara moja, kama mtu aliyeitwa. Mingine arubaini ilisimama kimya kabisa.

"Naam," alisema Mama Mkubwa.

Hatukuwa tumesikia mtu akimwita.

Aliinua kichwa, akakitazama kilele. Kisha akamrudishia Hasan kalamu.

"Hapa unataka nitie sahihi kwamba nimekufa," alisema. "Maskati waliniandika hivyo, siku kibali kilipokwisha. Mie mwenyewe siandiki."

"Bi Bashira, hutapata mteja mwingine."

"Nnajua."

Vyumba vya Bi Ummkulthum vilinunuliwa na mwalimu kutoka Pemba kabla ya mwezi kwisha. Nilidhani nitafurahi. Siku tulipopeleka masanduku yake Nungwi, kwenye nyumba ya bibi ya pale kiamboni, iliyobaki na nusu ya bati, nilitamani kuyarudisha Jang'ombe.

Sasa anauza maandazi kwa wajenzi wa hoteli ya jirani, asubuhi. Ukuta wao umefika kwenye mpaka wake na kusimama. Juzi nilimkuta kisimani, amekaa kwenye kigoda, anasuka ukili wa mkeka. Nilitazama juu. Nazi za mnazi ule zimekauka kileleni, na hakuna hata moja iliyodondoka tangu siku ile.

"Mzee Jaku haziangui?"

"Hapandi. Wala mie simwambii." Alivuta ukili, akaukaza. "Mchana, upepo ukilala, nnaulizwa."

"Unaulizwa nini?"

"Kama nimekuja kutembea au nimerudi."

"Na unajibu vipi?"

Kilele kilitikisika. Mama Mkubwa aliinamia ukili wake.

"Bado sijajibu," alisema.