Mate ya Mshambuliaji Mstaafu

Timu yetu ya Jumapili haikuwa na kocha, haikuwa na daktari, na wavu tulikuwa nao wa goli moja tu. Lakini kamati ya ufundi tulikuwa nayo. Aliyekulia Dar kama mimi anajua kuwa kamati hiyo haimfundishi mtu kupiga pasi. Kazi yake ni uganga. Kwa muda mrefu mjumbe wake pekee alikuwa kipa wetu, ambaye sifa yake kubwa ni kuzaliwa Tanga. Hajui hata kuchemsha mwarobaini, ila Wakongo wa Yeoville, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini, walikuwa wamesikia habari za waganga wa Tanga, naye hakuona sababu ya kuwavunja moyo.

Kisha akapatikana Mgiriki.

Alikuwa na duka la samaki na chipsi kule Kensington, mtaa wa jirani, magoti mabovu, na picha ukutani ya timu ya kwao aliyodai kuichezea ujanani kama mshambuliaji wa kulipwa. Katika picha hiyo wachezaji wote wana masharubu yale yale. Angeweza kuwa yeyote kati yao. Angeweza pia kuwa hayumo. Mimi nimesomea falsafa, yaani nina shahada ya kutoamini, kwa hiyo kila nilipokwenda kununua chipsi nilimhoji kwa Kiingereza.

"Ulikuwa unafunga sana?"

"Kidogo," alijibu akinyunyiza siki. "Lakini nilikuwa naanguka vizuri mno kwenye boksi."

"Kuanguka si kazi ya mshambuliaji, mzee."

"Kawaulize waliokuwa wanapiga hizo penalti."

Siku moja mwenyekiti wetu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, aliingia dukani humo akiwa amevaa jezi mpya aliyotushonea mwenyewe. Mgiriki akaisifia. Na kwa kuwa kwao ukisifia kitu kizuri unakitemea kisipatwe na kijicho, akafanya ptu, ptu, ptu kuelekea kifua cha mwenyekiti. Jumapili ile tukashinda, jambo ambalo hata sisi lilitushtua.

"Ule muzee iko na kitu," mwenyekiti akatangaza.

"Ana mafua," nikasema.

"Weye na masomo yako! Nyamaza."

Akaenda mwenyewe kumwambia kwamba timu inamhitaji. Hakufafanua inamhitaji kwa lipi. Jumapili iliyofuata Mgiriki akafika uwanjani, pale mtaa wa Observatory, akiwa na bukta, viatu vya mpira vilivyochanika ubavuni, na miguu myeupe kama viazi vilivyomenywa. Nikaelewa kwamba anadhani ameitwa kucheza.

Wachezaji wakampangia foleni. Kila mmoja alimwinulia kiatu: "Kizuri, mzee?"

"Kizuri sana. Ptu, ptu, ptu."

"Mganga gani hana hata kibuyu," kipa akanong'ona kwa wivu.

Baada ya hapo hakuna aliyemjali. Kipindi kizima cha kwanza alinyoosha misuli pembeni, akimkodolea macho mwenyekiti. Timu ya walinzi wa usiku ikatufunga mara mbili. Wakati wa mapumziko akanivuta kando.

"Naingia lini?"

Nikampa chupa ya maji.

"Tangu nihamie nchi hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniomba nicheze. Wananiomba chumvi."

Mimi ndiye niliyekuwa mshambuliaji wa kati. Kipindi cha pili kilipoanza, nikashika paja, nikajitupa chini, nikapiga mayowe kama mwanamke anayejifungua.

"Unashika mguu mapema mno!" Mgiriki akafoka kutoka pembeni, kwa uchungu wa fundi anayeona kazi ikiharibiwa.

Nikachechemea hadi kwa mwenyekiti, nikamwambia amwingize mzee.

"Hapana! Ule ni wa mate!"

"Sasa dawa ikikaa nje na ikiingia ndani ya uwanja, ipi ina nguvu zaidi?"

Akafikiri. Shahada yangu ilikuwa haijawahi kunifaa kiasi hicho. Akamwingiza.

Mgiriki hakukimbia hata kidogo. Alisimama kwenye boksi kama mtu anayesubiri teksi, beki mmoja mkubwa akimpumulia shingoni. Hatimaye winga wetu akaupata mpira pembeni. Kabla hajaupiga, mzee alirudi nyuma kidogo, kama aliyekata tamaa. Beki akamfuata. Papo hapo mzee akachomoka mbele yake, mpira ukamgonga ugoko, ukaingia. Goli baya sana. Halafu akaanguka, na lazima nikiri, alianguka vizuri mno.

Tulifungwa hata hivyo. Mwenyekiti alifurahi utadhani tumetwaa kombe.

"Muliona? Mate! Bila mate wangetupiga tano!"

"Hayo ni ya Tanga," kipa akadai. "Nilisoma kitu kimoyomoyo."

Wakabishana, Kiswahili cha Kongo huku, cha Tanga kule, hakuna aliyetaja mguu wa mzee. Mgiriki alikuwa akiwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, akihema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ulimhamisha beki kabla krosi haijapigwa."

"Waliona?"

"Wote."

Akakaa kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za viatu. Alikawia kidogo kwenye fundo.

"Basi mwambie yule winga," akasema, "Jumapili ijayo apige mapema. Nilimngoja mpaka nikazeeka."