Fundi Aliyesema Picha Haijaganda

Nilimpigia simu fundi wangu wa kamera kumwambia kwamba buibui wamerudi, akapokea mwanamke. Nikasalimia, nikauliza mwenye simu yuko wapi. Akasema yeye ni dada yake, na kwamba mwenye simu wamemzika juzi kijijini Chiwata. Ilianza homa, akapelekwa hospitali Ndanda, hakurudi. Dada mtu alikuwa akipokea kila simu iliyoingia na kumweleza kila mpigaji habari ile ile, maana marehemu hakuacha mke wala mtoto wa kumsaidia kazi hiyo, na wateja wake wametapakaa kuanzia Masasi mjini hadi Newala. Nilimpa pole, akanishukuru, halafu akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu changu kilichobaki kwa marehemu. Nikasema hapana, nilitaka tu aje anitolee buibui.

Buibui si jambo dogo kwa kamera. Zile taa zake zinazowaka giza likiingia huwavuta wadudu, wadudu nao humvuta buibui, na buibui akishatandaza utando mbele ya kioo, upepo kidogo tu ukiutikisa, kamera hudhani mwizi ameingia. Hapo simu za wanangu hulia, mmoja Dar es Salaam na mwingine Dodoma, nao wananipigia kuuliza kuna nini nyumbani. Hakuna kitu, ni buibui. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba tangu mama watoto alipofariki naishi peke yangu hapa Masasi na chaki zangu za zamani za ualimu, na kwamba kamera ile ya getini ni zawadi ya wanangu, waliosema watapata usingizi wakijua baba yao anaonekana. Fundi ndiye aliyeifunga. Baada ya hapo akawa anakuja kuisafisha kwa ufagio wa chelewa aliofunga kwenye mti mrefu, kazi ambayo ningeweza kuifanya mwenyewe, kwa sababu ufagio ninao na mti ninao na sijazeeka kiasi hicho. Yeye alilijua hilo, mimi nililijua, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Alikuwa akimaliza tunakaa barazani, chai na muhogo wa kuchemsha, mpaka jua linapungua.

Sitaki kumpamba kwa sababu amekufa. Alikuwa mbishi. Akikuambia yuko njiani, ujue bado hajavaa viatu. Kila kamera aliyofunga fundi mwingine aliiita takataka kabla hata hajapanda ngazi, na mara moja aliifumua ya duka la dawa kutwa nzima, akaja kugundua kwamba umeme ulikuwa umezimwa ukutani. Lakini alikuwa na miiko, na katika kazi ile miiko ni adimu. Hakuwa akifungua picha zilizohifadhiwa mpaka mwenye nyumba akae pembeni yake, na akishaona mashine inafanya kazi aligeuza uso akatazama kwingine. Mwenye duka mmoja wa mjini alitaka kamera ya ziada iwekwe chumba cha nyuma, ambako wasichana wake wa kazi hula na kubadili nguo. Fundi akauliza kimeibiwa nini humo. Tajiri akajibu hakijaibiwa kitu, ila angependa kuwajua wakoje akiwa hayupo. Fundi akakunja nyaya zake akaondoka. Tajiri, bila shaka, alipata fundi mwingine, na nilipomwambia hivyo fundi wangu kwa kumtania, alisema anajua, lakini yule mwingine naye ana dhamiri yake ya kulala nayo usiku.

Kwa mtu aliyeona mambo yetu yote, alikuwa msiri wa kuchosha. Mimi napenda umbea wa heshima, nanyi mnanijua, lakini kwake sikupata hata punje. Habari moja tu ndiyo aliyonisimulia, na hiyo bila kutaja jina la mtu, zaidi ya kusema ni upande wa Kitangari, juu uwandani ambako maji ni ya shida. Nilimuuliza siku ile kama kamera zinaaminika, maana msimu wa korosho ulikuwa umekaribia na kila mwenye ghala alikuwa anamtafuta. Akasema kamera inaona vizuri, ila haimjui mtu. Kisha akanieleza.

Kulikuwa na mama mtu mzima, mjane, aliyejengewa na mwanawe wa Dar es Salaam kisima cha saruji cha kukinga maji ya bati. Anayeishi bondeni hawezi kujua hicho ni kitu gani kwa watu wa juu kule. Mama yule ujana wake wote aliteremka bondeni kufuata maji na kupanda na ndoo kichwani, na magoti yake ndiyo yaliyolipa. Kijana alijenga kisima kwa mapenzi, tena kwa jasho, na kiangazi kilipokuwa kikali akaogopa watu watakimaliza. Akaleta kamera, moja ya zile zenye spika, ambazo mtu akiwa mbali anabonyeza simu yake na kusema, sauti inatokea ukutani. Fundi akaifunga chini ya paa, ikatazama kisima na njia ya kuingilia. Mlango wa jikoni haikuuona.

Sasa, kila asubuhi jirani yake, mama wa makamo, alikuwa akiingia uwanjani bila hodi, kama alivyoingia miaka yote, akachota maji, akajaza mtungi wa jikoni kwa mwenye magoti mabovu, akaongea naye maneno mawili matatu, kisha akachota ndoo yake moja na kwenda zake. Hayo yalikuwa makubaliano ambayo hayakuwahi kusemwa. Siku moja kijana alifungua simu akiwa kazini akaona mgongo wa mwanamke, kanga, na ndoo iliyojaa inatoka kwenye kisima chake. Picha ilikuwa ya kweli kabisa. Akabonyeza akasema, "Mama, hayo maji umeruhusiwa na nani? Yarudishe."

Yule jirani alisimama. Alitazama juu, akatazama nyuma, hakuona mtu. Ndani ya nyumba, mama mzazi alikuwa amesikia sauti ya mwanawe uwanjani. Alishika ukuta, akashika mlango, akatoka kwa haraka ambayo magoti yake yalikuwa hayajaijua siku nyingi, huku akiita, "Umefika, baba?" Akakuta uwanja, jirani yake, na ndoo chini. Mwanawe hakuwapo. Jirani alimimina maji yale kisimani polepole, asimwage hata tone, akageuza ndoo akaenda zake. Fundi alipofika hapo katika kusimulia alichokonoa muhogo wake kwanza, kisha akaendelea.

Hakurudi tena yule jirani. Wengine nao wakaacha, maana habari ilienea kwamba ukuta wa nyumba ile unaita watu wezi. Watoto waliozoea kukatiza uwanja kwenda shule wakazunguka. Kijana hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kwamba kila akifungua simu anaona kisima, mti wa mpapai, na njia, bila badiliko, asubuhi mpaka jioni, akaona vifaa vya siku hizi vinakufa mapema. Akampigia fundi: picha imeganda, nenda ukaitazame.

Fundi alipanda pikipiki mpaka huko. Akapiga hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatengewa kiti. Mama yule alimsimulia kila kitu, kisha akamwomba kitu kimoja. "Mwanangu, mwambie imekufa. Hilo tu." Fundi akamjibu kwamba akimdanganya, ataleta nyingine. Akatoka akasimama katikati ya uwanja, akatazama kamera, akampigia kijana.

"Unaniona?"

"Nakuona, fundi. Imepona."

"Haikuwa inaumwa. Sijagusa hata waya."

"Mbona ilikuwa imeganda?"

"Haijaganda, ndugu yangu. Hapa hapapiti mtu."

Akamweleza yule jirani alikuwa anamchotea nani. Kijana akauliza sasa mama yake anachotewa maji na nani. Fundi akamwambia anachota mwenyewe alfajiri, kabla simu ya mwanawe haijafunguliwa, ili asimwone anavyochechemea. Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikia siri yake inatolewa hadharani, akamtazama fundi kwa jicho ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, hakulipenda. Nilimuuliza, wewe mwenye miiko, mbona siri ile uliitoa? Akasema hata yeye hakuwa na uhakika kama alifanya sawa. Alikuwa bado anajiuliza.

Kijana alikuja. Katika ukoo wao radhi kama ile haiombwi na kijana peke yake, mjomba ndiye hutangulia, kwa hiyo mjomba alitangulia, mama akafuata kwa fimbo yake, mkosaji nyuma. Jirani aliwapokea vizuri, akawakaribisha mkekani, akasema yameisha. Kijana mwenyewe aliishika ngazi fundi alipokuwa anaishusha kamera, akakataa kurudi nayo Dar es Salaam, akamwambia fundi aiuze. Na jirani akarudi kuchota maji, mtungi wa jikoni kwanza, ndoo yake baadaye. Ila sasa alikuwa anasimama njiani na kupiga hodi, akangoja mpaka aitikiwe karibu. Mama yule alimwambia fundi kwamba hodi ile inamuuma kuliko ule ukimya, kwa sababu ukimya alitarajia utakwisha.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nimeisikia methali hiyo ikitumika vibaya kiasi kwamba sikutegemea kuiandika hapa. Lakini tazama tunavyoishi. Tumeotesha korosho na watoto, na watoto wamekwenda kule korosho zinakokwenda, na mapenzi yao yanarudi kwetu kwa njia ya vitu: bati, kisima, simu, kamera. Siwalaumu. Mapenzi yale ni ya kweli, kama picha ya yule mwanamke na ndoo ilivyokuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba picha haisemi maji yanapelekwa kwa nani, na mtu aliye mbali hujaza mwenyewe sehemu isiyoonekana, na mara nyingi huijaza kwa hofu. Zamani majirani ndio waliotulinda na mwizi. Leo kamera inawekwa kwa ajili ya mwizi, na wanaokimbia ni majirani. Mwizi mwenyewe, fundi aliniambia, huvaa kofia akaja.

Nilikwenda Chiwata kutoa mkono wa pole. Turubai la msiba lilikuwa limeshaondolewa, wamebaki wa nyumbani. Dada yake alinionyesha kaburi, udongo bado mbichi, kisha akanikaribisha ndani, akaniletea mkoba wa marehemu nimsaidie kujua kipi ni kipi. Bisibisi, koleo, mafundo ya nyaya, kichwa cha ufagio wa chelewa ambacho nilikifahamu. Chini kabisa kulikuwa na kamera imezungushiwa kipande cha kitenge, yenye matundu madogo ya spika na vumbi jekundu la juu kule kwenye skrubu zake. Hakuwa ameiuza. Dada mtu akauliza kama hiyo imeharibika, maana hakuelewa kwa nini ilifichwa hivyo. Nikamwambia ni nzima, haina ubovu wowote. Akaifunga tena kitenge chake akairudisha mkobani, na tukakaa, watu wawili ambao hawakuwa wamezoeana, tukimkumbuka mtu ambaye kila mmoja alimjua nusu. Nilitaka kumweleza kwamba kaka yake alikuwa anakuja kwangu kufagia buibui ambao wakati mwingine hawakuwapo. Badala yake nikamfungia mkoba.

Niliporudi nilifunga ufagio kwenye mti nikawatoa buibui mwenyewe, na kazi ilikuwa nyepesi kama nilivyojua siku zote. Kioo sasa ni safi. Hakuna utando wa kutikisika, hakuna simu ya usumbufu inayolia Dar es Salaam. Muhogo naendelea kuchemsha mwingi kuliko haja, kwa mazoea, na kiti cha pili barazani sijakiingiza ndani. Nasema wazi, ingawa umri wangu hauruhusu kusema mambo kama haya gazetini: nina upweke. Kwenu ninyi mnaowatazama wazee wenu kwenye simu, somo nililoachiwa na fundi ni dogo. Ukiona picha ya kwenu haina kinachotikisika, usitafute kwanza ubovu wa mashine.

Juzi binti yangu alinipigia. Akasema, baba, kamera yako imeganda, tangu asubuhi naona geti tu, hebu mwite fundi. Nikamwambia nitaangalia. Najua yeye na mdogo wake wanasoma safu hii, kwa sababu huwa hawaachi kunisahihisha, kwa hiyo nawajibu hapa hapa mbele za watu. Fundi amekufa, wanangu. Kamera ni nzima, haijaganda. Hapa hapapiti mtu. Msinitafutie fundi mwingine, njooni wenyewe.