Parashuti ya Turubai

Niseme mapema ili tusisumbuane: niliruka kutoka juu ya tanuri la matofali nikiwa nimejifunga turubai la mama yangu mgongoni. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na akili zangu zote, zile chache, na nilikuwa nimevaa kofia ngumu.

Kofia hiyo niliipata kwa sababu ya Monitere.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila mtu anamwita hivyo, kama walivyomwita kazini kwake zamani. Alifundisha watu kuruka kutoka kwenye ndege. Alianza na askari, kule Kongo; baada ya kukimbia akafundisha watalii wa mwisho wa wiki katika nchi moja ya kusini, mpaka vibali vyake vikaisha na njia ikamleta kambini. Siku hizi anafundisha vijana kushona mabegi ya shule, kila Jumamosi, katika chumba kidogo pembeni ya kanisa. Wazazi walimpa chumba hicho shingo upande. Watu waliokimbia magwanda hawamzoei upesi mtu aliyewahi kuyavaa. Aliwaahidi kwamba hatazungumzia vita mbele yetu, na ahadi hiyo aliishika. Alizungumzia kuanguka tu.

"Monitere," nilimuuliza siku moja, na cherehani zote zikanyamaza, "kwani we ulikuwa unaruka ao ulikuwa unaanguka?"

"Kila mutu anaanguka," akajibu bila kuinua macho kwenye zipu. "Tofauti njo vifaa."

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kisha nikalala na lile jibu usiku kucha kama mtu aliyelala na kokoto ndani ya shuka.

Alikuwa na visa vingi, na hakuna hata kimoja alichojisifia. Kuna siku kamba za parashuti yake zilijisokota juu ya kichwa chake kama nywele zinazosukwa, akabaki anazunguka hewani huku anapiga mateke kama dereva wa kabaza, zile baiskeli za abiria, anayepandisha mlima, mpaka zikajifungua. "Nilikuwa ninaendesha baiskeli isiyokuwepo," alisema. Siku nyingine mwanafunzi wake alifika kwenye mlango wa ndege, akatazama chini, akashika chuma na kugoma. Monitere hakumsukuma. Alimrudisha akae, wakashuka pamoja na ndege, na walipofika chini akawaambia wote kwamba upepo ulikuwa mbaya. Nilimuuliza kama kweli upepo ulikuwa mbaya. Akasema, "Kwa ule kijana, ulikuwa mubaya sana."

Kwenye kushona alikuwa na sheria moja tu. Begi ulilolishona wewe hulikagui wewe. Unampa mwenzako, naye analishika kuanzia juu, mshono kwa mshono, kwa vidole, anageuza nyuma, kisha analijaza mawe na kuzunguka nalo kanisa. Alisema ndivyo walivyofanya kabla ya kila ndege: mwingine anakushika kuanzia kichwani, shingo, mabega, kifua, mapaja, mpaka kamba za viatu, halafu anakugeuza. Hata yeye mwalimu alikaguliwa, tena na mwanafunzi wa jana. Mimi niliona huo ni mchezo wa kutekenyana. Kila nikikaguliwa begi nilikuwa natoa sauti ya mbuzi anayepimwa mnadani.

Mwezi wa nane, pepo zilipoanza kupeperusha vumbi la kambi, Monitere alipata ruhusa ya kwenda Lilongwe kutafuta zipu na nyuzi, akaniombea na mimi nimbebee mzigo. Mama alikubali kwa sababu nyumba ingepumzika siku nzima.

Tulipomaliza mambo ya zipu tukapita kwenye kaunjika, zile nguo kuukuu zinazomwagwa chini kwa marundo. Kati ya marundo kulikuwa na kofia ngumu ya baiskeli. Nikaivaa. Monitere akafunga kamba chini ya kidevu changu, akaniambia tikisa kichwa. Nikatikisa. Kofia ikazunguka ikaziba jicho.

"Hii itakuua kabla ya kukuokoa," akasema. "Kofia haifuate kichwa. Kofia iwe kichwa."

Mwenye rundo, mama mmoja mnene wa Kimalawi, akatoa nyingine chini kabisa. Hiyo ilinikaa. "Zikomo, mayi," nikamshukuru, nikimpigia saluti. Akasema kitu kwa Kichewa na wenzake wakacheka. Nadhani alisema kichwa changu kinahitaji msaada zaidi ya kofia.

Basi Monitere akafunguka. Sijui kama ilikuwa ile kofia au kule kuwa mbali na macho ya kambi. Alitembea kati ya marundo akiokota vitu na kunifundisha kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Viatu: vifunike kifundo cha mguu, na visiwe na vile vijichuma vya kunasia kamba, kwa sababu kamba ya parashuti ikinasa kwenye mguu wako utashuka miguu juu. Glovu: ziwe nyembamba, kidole kiweze kuhisi mpini wa kufungulia parashuti. Miwani: ijaribu huku umeinama, usiijaribu mbele ya kioo. Nguo ya parashuti haipendi jua, jua linaila polepole na macho hayaoni. Kwa hiyo usinunue ya mtu asiyejua iliwekwa wapi. Na anayeanza achukue parashuti kubwa. "Vijana banapenda ndogo, inakimbia," alisema. "Kubwa inakuleta chini pole pole kama mama anaweka mutoto kwa mukeka."

Hapo akaokota kiatu kimoja kisicho na mwenzake, akakigeuza kutazama soli. Nikaona midomo yake ikijaribu kutabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuwa na utani wowote mfukoni.

Ungedhani nilirudi kambini nimekuwa mtu mzima. Nilirudi na kofia.

Turubai lilikuwa la mama. Analifunga juu ya meza yake sokoni, anapouza maandazi, ili jua lisimchome na vumbi lisiangukie bidhaa. Nililichukua Jumapili wakati yeye yuko kwaya. Lilikuwa kubwa, kama nilivyofundishwa. Viatu vyangu havikuwa na vijichuma. Kofia ilikuwa kichwa. Nilibakiwa na kamba, na hapo nikafanya kosa ambalo kila mtu wa hapa angelifanya: nikatumia mpira wa tyubu, ule ambao kabaza wanafungia mizigo. Kwetu hakuna kitu kinachoaminiwa kuliko mpira ule. Umebeba magunia ya mahindi mpaka Mponela, umebeba mbuzi, vitanda, bibi harusi na sanduku lake. Nikajifunga mabegani na mgongoni, nikapanda tanuri lililo ukingoni mwa shimo la udongo, wenzangu wa mtaani wakiimba chini. Upepo ukaja. Nikaruka.

Kwa muda mfupi sana nilikuwa juu ya Dzaleka na turubai lilikuwa limejaa, nakuapia. Kisha mpira wa upande mmoja ukavutika na wa upande wa pili ukagoma, turubai likajikunja kama chapati, na mimi nikaingia shimoni kwa mkono wa kushoto.

Monitere alifika akikimbia, bado na shati la kanisani. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akanishika kuanzia kichwani, shingo, mabega, polepole, kwa vidole. Kwenye mkono nililia. Akanigeuza kidogo, akakuta mgongoni mpira umefungwa kwa kupishana, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu.

"Nani alikukagua?"

"Nilijikagua mwenyewe."

"Na mugongo wako uliuona namna gani?"

Mkono ulifungwa plasta Lilongwe. Nilipotoka hospitali nikakuta kesi imeshaiva.

Kiongozi wa bloku aliita wazazi wakae kwenye kile chumba cha cherehani. Mama hakuwa amesema neno tangu shimoni, na mtu asiyemjua mama yangu hawezi kuelewa jambo hilo linatishaje. Baba mmoja jirani yetu akasimama akiwa tayari amekasirika.

"Tulisema tangu mwanzo. Mutu wa jeshi ni mutu wa jeshi. Anafundisha batoto yetu kufa. Kifungwe hiki chumba, leo."

Wengi wakaitikia. Nilitazama cherehani, nikatazama mabegi yaliyotundikwa ukutani yakingoja mawe yao. Kikifungwa chumba, Monitere atabaki na nini? Atakaa mlangoni kwake ajitazame mikono.

Yeye alisimama, akavua kofia. "Kosa ni langu. Nilimuonyesha vifaa. Nilipaswa kujua kwamba kijana akionyeshwa vifaa atatafuta pa kuruka."

Akaketi. Ndiyo hayo tu. Hakuitaja sheria yake, na sote tulioshona pale tuliijua.

Nikainuka, na plasta yangu ikagonga meza. Watu wakatabasamu mapema, wakingoja mzaha. Haukuja.

"Alitufundisha," nilisema. "Kila Jumamosi. Kwamba mtu hajikagui. Mi njo nilikuwa ninalia kama mbuzi."

Kiongozi wa bloku akamgeukia mama. "Mama mwenye mutoto, mwana ni wako na turubai ni lako. Utakavyosema njo tutafanya."

Mama akasimama. Akafungua kitenge chake, akakifunga upya kwa nguvu, akanitazama mimi, kisha akamtazama Monitere.

"Hiki kichwa kibovu nilizaa mi mwenyewe," alisema, "musikitafutie baba mwingine. Chumba kibaki wazi, na turubai langu mutalishona humu humu. Na we Monitere, kesho asubuhi ukuje kwangu unifundishe kukagua mutu, kuanzia kichwa mpaka miguu, mbele na mugongo, sababu huyu hatatoka tena kwa mulango wangu kabla sijamugusa."