Mshipi wa Papa kwenye Gitaa la Baba

Harufu ya mafuta ya nazi iliyochanganyika na kutu ndiyo harufu ya baba. Kila jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, aliketi barazani kwetu Kilindoni akapangusa nyuzi nne za gitaa lake la besi kwa kitambaa chenye mafuta, maana hewa ya chumvi ilizila bila huruma. Alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Mafia kutoka bara, na alipigia kwaya ya kanisa letu dogo. Hamu yake ilikuwa moja, na mama na mimi tuliisikia hadi ikatuchosha: apate sauti nene, nzito, ya kutetemesha mabenchi. Kila aliyekwenda Dar es Salaam aliagizwa nyuzi nene. Kila aliyerudi alileta nyembamba zinazong'aa, zinazolia kama kijiko kwenye sufuria.

Nilipokuwa darasa la tano, uzi mnene kuliko yote ulikatika siku nne kabla ya sikukuu ya mavuno. Mimi ndiye niliyejifanya mjuzi. Nilikwenda kwa jirani yetu Bwana Haji, mvuvi wa papa, nikamwomba kipande cha mshipi wake wa kuvulia. Alinichagulia mnene kabisa.

"Mpelekee Mwalimu," alisema. "Mwambie huu hauliwi na kutu, na papa hajaukata."

Baba aliufunga, akaukaza, akaugusa kwa dole gumba, akatabasamu namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tuvuke bahari. Spika ilikuwa kanisani na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hatukuujaribu.

Jumapili jenereta ikawashwa. Nyuzi tatu zilisema, mshipi ukanyamaza. Hatukujua kwamba gitaa la umeme husikia chuma tu, na mshipi ni plastiki. Waimbaji waligeuka, wengine wakacheka. Baba aliendelea hadi mwisho huku jasho likimtiririka, akiguna sauti za chini kwa mdomo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunigombeza, lakini hakupiga tena kanisani, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku hizi nyuzi huagizwa kwa simu. Mwezi uliopita nilimpelekea seti niliyoichagua kwa siku nyingi: nene, zilizozungushiwa chuma bapa, laini zisizokwaruza, ambazo wauzaji husema ndizo zenye sauti nzito. Nilidhani hatimaye moyo wangu utatulia. Baba alijaribu kuzibonyeza, akaziachia. Viungo vya vidole vyake vimevimba, chuma kinamshinda. Nilikaa chini, nimechoka kwa uchovu wa miaka yote ile.

"Nyuzi nzuri, mwanangu," alisema. "Zimechelewa tu. Hebu fungua kile kisanduku."

Ndani, kwenye kitambaa cha mafuta ya nazi, ulikuwamo mshipi wa Bwana Haji. Nilimfungia. Hauumizi vidole. Aliegemeza kidevu kwenye ubao wa gitaa akaupiga, bila spika, na mimi niliyekuwa nimerudi nyuma hadi mlangoni sikusikia kitu.

"Sogea. Weka sikio hapa."

Niliweka. Sauti ilikuwa nene, nzito, ikaniingia hadi kifuani.

"Hata Jumapili ile niliisikia hivi hivi, tumboni," alisema baba. "Ninyi tu ndio mlikuwa mbali."