Amina Tuliyoitikia Endarasha

Leo nimeombea mpinzani wetu ashinde. Tena kwa sauti.

Tulikuwa Endarasha, kwa boma ya shangazi yangu. Nilikuwa nimeita akina mama wamsikie Mwalimu Nyawira, anayegombea udiwani kumpinga diwani wa sasa. Yeye ndiye mtu pekee anaongea juu ya maji yetu. Mimi ni wa kujitolea tu, napanga viti.

Sasa, huku kwetu mkutano hauanzi bila maombi. Nikaona mzee wa kanisa amekaa nyuma, nikamwomba atufungulie.

Akaombea mvua. Akaombea viazi. Halafu, sisi wote macho tumefunga:

"Baba, umrudishe diwani wetu kwa kiti. Na huyu mwalimu umpatie bwana wa kumwoa, atulie."

"AMINA!"

Wote. Mdomo imezoea, jameni. Mimi pia. Nyawira mwenyewe pia!

Mwalimu akaongea vizuri sana, lakini akina mama walikuwa wanaangalia chini. Mwishowe shangazi akanivuta kando.

"Sasa tutampigia kura aje, na tumeshaitikia mbele ya Mungu?"

Nilingoja acheke. Hakucheka.



Nyinyi mnaosoma Biblia, niambieni: Amina inarudishwa aje?