Kigelegele cha Mama Wakuru

Siku moja kabla ya mapigano nilijifungia stoo ya dawa kwa kumwogopa mtoto mchanga.

Nilikuwa na miezi mitatu tangu nimalize chuo cha utabibu, na wiki ya tano tangu nipangiwe kwenye hospitali ile ndogo, katikati ya Butiama na Bunda. Ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, chumba kimoja cha kujifungulia, maabara yenye hadubini moja, na foleni iliyoanza kabla hatujafungua mlango: akina mama wa kliniki, wazee wa presha, wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba na vifua vyao. Sitaitaja kwa jina, wala vijiji viwili vilivyopigana, kwa sababu watu wake bado wanaoana na bado wanapanga foleni moja.

Mimi ni mtoto wa Musoma mjini. Kabla sijaondoka nyumbani, mama alinionya juu ya yowe. Alisema kule ndani mwanamke akipiga yowe, kila mwanaume anaacha alichoshika, anachukua silaha na kukimbilia sauti inakotoka, na asiyekwenda ataulizwa alikuwa wapi. Niliyaweka maneno hayo kichwani pamoja na mambo mengine mia niliyokuwa nikiyaogopa: kukosea dozi, kusahau kufunga mlango, mgonjwa kuniuliza umri wangu.

Kwa hiyo Jumanne ile, nikiwa nahesabu glavu kwa mara ya pili, niliposikia wanawake wanapaza sauti nje ya wodi ya wazazi, niliingia stoo nikageuza ufunguo.

Baada ya muda mlango uligongwa.

"Daktari, uko humo?"

Ilikuwa sauti ya Mama Wakuru, mhudumu wa wodi, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi pale tangu jengo halijapigwa plasta.

"Nimesikia yowe," nikamjibu.

Kikafuata kicheko, chake na cha foleni nzima.

"Yowe gani? Yule binti aliyetoka Suguti kajifungua salama, wanamshangilia. Toka humo, mwanangu, watu wanasubiri dawa."

Jioni, tukikunja mashuka, alinifundisha. "Yowe linatoka kooni, linaenda moja kwa moja kama mtu anakimbia. Kigelegele kinatoka ulimini, kinachezacheza. Sisi tulikuwaga tunajua hayo kabla ya kujua kuoga." Akanionyesha kigelegele, kifupi, kwa sauti ya chini. Kilikuwa kizuri sana. Sista Perpetua, mkunga wetu na mkuu wa zamu, alisema hakuna mtoto aliyezaliwa pale bila kupigiwa na Mama Wakuru, awe wa ndugu au wa mpita njia.

Alfajiri ya Jumatano nililisikia yowe lenyewe. Sikuhitaji kuuliza.

Ugomvi ulikuwa wa malisho ya kando ya mto, ambayo kila kijiji kilisema ni yake, na wa ng'ombe waliovushwa usiku ule. Sikuuona mto siku hiyo. Niliona waliotoka huko. Waliletwa kwa pikipiki na kwa mlango uliong'olewa nyumbani kwa mtu: mishale ya mapaja, panga la bega, kidole kilichofungwa kwenye leso. Nilishona mmoja baada ya mwingine.

Mzee Magori, wa kijiji cha upande wetu wa mto, alifika na mshale chini ya mbavu. Alikuwa kaka yake Mama Wakuru, wa tumbo moja. Alifariki kabla ya saa sita mchana, kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Mama Wakuru ndiye aliyemfumba macho. Alijifunga kanga kiunoni kama wafiwa wanavyojifunga, akatoka, akarudi na ndoo.

"Nenda nyumbani," Sista alimwambia. "Tutajitegemea."

"Nikienda nitakaa tu. Hapa nitapiga deki."

Mchana huo Sista aliondoka na gari la wagonjwa kuwapeleka Musoma watatu walio na hali mbaya. Hakuweza kurudi, barabara ilizibwa kwa magogo. Simu yake ya mwisho ilisema polisi wanakuja, na kwamba mimi ndiye mkuu wa zamu.

Alhamisi, kama saa tatu asubuhi, iliingia pikipiki kwa njia ya nyuma. Aliyeendesha aliitwa Maregesi, kijana wa ng'ambo ya mto, kijiji cha pili. Nyuma yake alikaa mkewe akiwa na uchungu, na nyuma ya mkewe mama yake Maregesi, amemshika mkwe wake asianguke. Hospitali ilikuwa ile ile moja kwa vijiji vyote viwili.

Mama Wakuru alimtazama Maregesi, akatazama barabara. "Umeonekana?"

"Sijui, mama."

"Umeonekana." Akanigeukia. "Lete ufunguo wa stoo."

Tulimfungia kati ya maboksi ya dripu, mahali nilipokuwa nimejificha mimi siku mbili nyuma.

Hawakukawia. Walikuja kama ishirini, na pinde na mapanga, wakasimama kwenye geti, ambalo lilikuwa nyaya na mnyororo tu. Nilikwenda kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mbele alisimama Wambura, mtoto wa marehemu Magori. Baba yake alikuwa anazikwa saa kumi.

"Dada daktari, hatuna ugomvi na hospitali," alisema kwa upole ulionitisha kuliko kelele. "Tunamtaka mwenye pikipiki."

"Nina mgonjwa anajifungua. Nipe muda."

"Mgonjwa wa wapi?"

Nikatazama mnyororo. Nikajua nimeshajibu.

"Umalize," akasema. "Tunasubiri hapa."

Ndani, Mama Wakuru alimwambia mama yake Maregesi jambo ambalo mimi nisingelifikiria, pamoja na kufikiria kwangu kote. "Bibi, mtoto akitoka, usipige kigelegele. Hawa wana msiba. Huku hakuna mwanamke mwingine aliyebaki wa kujifungua wiki hii, na wote wanajua. Wakikisikia watasema ng'ambo wanatucheka juu ya maiti."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Akauma ncha ya kanga yake.

Mtoto alitoka saa nne na nusu. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Nikamkausha. Nikamsugua mgongo.

Hakulia.

Chuoni walitufundisha kwamba una dakika moja. Nilichukua mfuko wa kupumulia, nikamfunika pua na mdomo, nikabonyeza, nikaachia, nikabonyeza. Mama Wakuru alihesabu kwa sauti ya kawaida, kama anahesabu mashuka. Nilifikiri, nimekosea. Nilifikiri, kichwa kimepinda. Nikakinyoosha kidogo.

Kifua kikapanda.

Akalia.

Na bibi akaachia kanga. Naamini hata yeye hakujua. Mkwe wake alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya ile. Kigelegele kilimtoka kirefu, kikapita dirishani, kikafika getini.

Nje mtu akapiga kelele, na mnyororo wa geti ukaanza kulia.

Bibi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi na kitovu bado hakijakatwa.

Mama Wakuru alisimama. Akakaza fundo la kanga ya msiba. Akaenda mlangoni, akainua uso, akapiga kigelegele.

Nilikuwa nimekaa pale wiki tano, nilijua maana yake. Aliyefiwa hapigi kigelegele mpaka matanga yaanuliwe, na maiti ilikuwa haijazikwa. Alipiga cha pili. Alipiga cha tatu. Kisha akatembea mpaka getini, nami kupitia dirishani nikawaona wanaume ishirini wanarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

"Aliyepiga ni mimi," alisema.

"Shangazi!" Sauti ya Wambura ilikatika. "Baba hajazikwa."

"Najua. Nimemfumba macho mimi. Wewe ulikuwa mtoni."

"Wanatucheka."

"Nani anacheka? Mimi nacheka? Niangalie." Akamsubiri amwangalie. "Nimepokea mtoto. Mwenye pikipiki ni baba yake. Ukimtaka, geti hili hapa na mimi nipo hapa. Anza na shangazi yako."

Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kumi na moja.

Wambura aliurudisha mshale kwenye podo. Hakusema amesamehe. Alisema, "Umetuaibisha, shangazi," akageuka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Polisi walifika mchana. Wiki iliyofuata wazee wa pande zote mbili walikaa pamoja, na malisho yakapangiwa zamu, utaratibu unaofuatwa mpaka leo, pamoja na kunung'unika.

Ila saa kumi ya Alhamisi ile Mama Wakuru alikwenda kumzika kaka yake, na hawakumruhusu kutupa udongo. Alisimamishwa mbali na watu, karibu na zizi. Aliniambia mara moja tu, tukikunja mashuka: "Niliona vumbi tu." Wambura anamsalimia siku hizi, kwa heshima na kwa ufupi. Nyumbani kwake hajawahi kumwalika.

Miaka sita imepita. Bado nipo hapo hapo, na siku nyingi nimeridhika. Tumepata chumba cha upasuaji mdogo, hadubini zimekuwa mbili, na mafuta ya jenereta hayaishi tena katikati ya kazi. Mtoto yule ameanza shule na amekuja mwezi huu kung'olewa jino, akamng'ata mganga wa meno aliyekuja kutoka hospitali ya Manyamanyama. Nilifurahi kuliko ilivyofaa.

Najiuliza sana kama ningeweza kukizuia kigelegele kile cha bibi. Ningefunga dirisha. Ningemweka bibi chumba cha nyuma. Mimba mbili zilizopotea zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, nami nilikuwa nimeisoma. Nimewahi kumwambia Mama Wakuru hesabu hiyo yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, lala."

Tangu siku ile hajapiga kigelegele tena. Matanga yalianuliwa zamani, hakuna anayemkataza. Mtoto akizaliwa, wengine wanapiga, yeye anatabasamu na kuchukua ndoo. Nilidhani kitarudi. Sasa nadhani alikitoa chote pale mlangoni.

Wiki iliyopita binti mmoja alijifungua hana ndugu hata mmoja nje, ndugu zake walikuwa bado njiani. Mtoto akalia, na hakuna aliyemwitikia. Mama Wakuru alisimama na ndoo yake, akitazama sakafu. Nikaweka mkasi chini, nikainua uso, nikajaribu.

Kilitoka kibaya. Kilianzia kooni.

"Daktari," alisema bila kugeuka, "hilo ni yowe. Watu watakuja na mishale."

Tulisubiri. Hakuja mtu ila mama mmoja wa wodi ya pili, na chupa ya uji, akiuliza ni wa kike au wa kiume.